Kufundisha Kunakili Fomula Katika Safu za Lahajedwali

Utangulizi

Mwalimu wa shule ya msingi ana kazi nyingi za hesabu ambazo hazimo katika muhtasari wa somo la Hisabati. Hujumlisha mahudhurio, hugawa vitabu, hukokotoa wastani wa alama, na mwishoni mwa muhula huwapanga wanafunzi kwa nafasi. Mwalimu mwenye wanafunzi 45 na masomo sita ana alama 270 za kushughulikia katika mtihani mmoja tu. Zamani kazi hii ilifanywa usiku kwa kalamu, rula na mwanga wa kandili. Leo, mahali palipo na kompyuta, hufanywa kwa lahajedwali, yaani programu inayoonyesha jedwali kubwa ambalo hukokotoa hesabu zake lenyewe.

Makala haya yanahusu jambo moja tu katika matumizi ya lahajedwali, nalo ni kunakili fomula kutoka kisanduku cha juu hadi visanduku vya chini yake katika safu ileile. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ndilo jambo linalompunguzia mwalimu kazi kuliko mengine yote: fomula huandikwa mara moja ikatumika kwa darasa zima. Pili, ndilo jambo linalozaa makosa yasiyoonekana upesi. Tutaeleza kwanza jambo lenyewe, kisha tutapendekeza hatua za kulifundisha kwa watu wanaoanza, wawe ni wanachuo wenzenu, walimu mtakaowakuta kazini, au wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi.

Kosa lililotufundisha

Yafaa tuanze na kosa letu wenyewe, maana mwalimu asiyekiri kosa lake hawezi kumfundisha mwingine kuliepuka. Tulipokuwa tukifundisha katika shule moja ya msingi tulikabidhiwa kazi ya kuandaa ripoti za darasa la wanafunzi 45. Majina yalipangwa kwa alfabeti. Tuliandika fomula ya nafasi katika mstari wa mwanafunzi wa kwanza, tukaihakiki, tukaona ni sahihi, tukainakili hadi chini. Kazi iliyokuwa ikichukua siku mbili ikaisha kwa dakika chache. Tulifurahi, tukachapa ripoti, tukazigawa.

Siku ya kufunga shule, mvulana ambaye jina lake lilikuwa la mwisho katika orodha alirudi nyumbani na ripoti iliyosema kwamba amekuwa wa kwanza. Nyumbani kwao akachinjiwa kuku. Shule ilipofunguliwa, mzazi wa mwanafunzi mwingine alikuja na ripoti mbili mkononi, akauliza kwa upole: yawezekanaje mtoto mwenye jumla ndogo kumtangulia mwenye jumla kubwa? Tuliirudia kazi yote. Yule mvulana alikuwa wa 31. Kulirekebisha jedwali kulichukua dakika moja. Kumweleza mtoto yule mbele ya bibi yake kulichukua mchana mzima, na kwa muda mrefu baadaye hakutuamini hata tulipomsifu kwa kazi aliyoifanya vema kweli.

Kosa lilikuwa katika kunakili. Msomaji atakapofika katikati ya makala haya ataweza kulitambua mwenyewe.

Lahajedwali lilivyo

Lahajedwali lina safu zinazoshuka na mistari inayolala. Safu huitwa kwa herufi: A, B, C na kuendelea. Mistari huitwa kwa namba: 1, 2, 3 na kuendelea. Mahali safu inapokutana na mstari pana kisanduku, na jina la kisanduku ni herufi ya safu yake ikifuatwa na namba ya mstari wake. Kisanduku kilicho katika safu B na mstari wa 4 huitwa B4. Jina hilo tutaliita anwani.

Katika kisanduku mtu aweza kuandika maneno, namba au fomula. Fomula huanza kwa alama ya sawasawa (=), nayo huiambia programu ikokotoe nini na kutoka visanduku vipi. Kinachoonekana ndani ya kisanduku ni jibu. Fomula yenyewe huonekana katika nafasi ya kuandikia iliyo juu ya jedwali, mtu anapokibofya kisanduku hicho.

Asili ya chombo hiki yafaa kujulikana na walimu, maana ilianzia ubaoni. Mwaka 1978 Dan Bricklin, aliyekuwa akisoma masomo ya biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, alimtazama mwalimu wake akijaza jedwali la hesabu ubaoni. Kila namba moja ilipobadilika, mwalimu alilazimika kufuta na kuandika upya namba zote zilizoitegemea. Bricklin akawaza juu ya ubao ambao ungejirekebisha wenyewe. Yeye na mwenzake Bob Frankston walitengeneza programu iliyoitwa VisiCalc, ikaanza kuuzwa mwaka 1979 kwa kompyuta ya Apple II. Programu zinazotumika leo, kama vile Microsoft Excel, LibreOffice Calc na Google Sheets, zinafuata mpango uleule wa herufi, namba na visanduku. Kwa hiyo maelezo yatakayofuata yanafaa kwa zote.

Jedwali la mfano

Tuchukue darasa dogo la wanafunzi watano waliofanya mitihani mitatu, kila mmoja ukiwa na alama 50. Alama kamili kwa hiyo ni 150, nazo tumeziandika katika kisanduku B1. Mstari wa 2 tumeuacha mtupu, na vichwa vya safu viko katika mstari wa 3.

| | A | B | C | D | E | F | G |
|---|---|---|---|---|---|---|---|
| 1 | Alama kamili | 150 | | | | | |
| 2 | | | | | | | |
| 3 | Jina | Kiswahili | Hisabati | Sayansi | Jumla | Asilimia | Nafasi |
| 4 | Asha | 42 | 38 | 40 | | | |
| 5 | Baraka | 30 | 27 | 33 | | | |
| 6 | Chausiku | 45 | 44 | 46 | | | |
| 7 | Daudi | 21 | 18 | 21 | | | |
| 8 | Eliza | 36 | 33 | 36 | | | |

Tunamshauri mwanachuo alichore jedwali hili katika daftari lake kabla ya kuendelea, kwani tutalirejea mara kwa mara.

Kinachonakiliwa ni nini?

Katika kisanduku E4 tunaandika =B4+C4+D4. Jibu ni 120, nayo ndiyo jumla ya Asha. Sasa tunataka jumla za wengine wanne bila kuandika fomula nne zaidi. Hatua ni hizi:

1. Bofya kisanduku E4. Kitazungukwa na mstari mnene, na katika kona yake ya chini, upande wa kulia, patakuwa na mraba mdogo.
2. Peleka kishale juu ya mraba huo mpaka kigeuke kuwa msalaba.
3. Bonyeza kitufe cha kushoto cha kipanya na, bila kukiachia, buruta hadi E8. Kisha achia.

Asiyeweza kuburuta vizuri anaweza kuchagua visanduku E4 hadi E8 kwa pamoja, kisha akabonyeza vitufe Ctrl na D kwa wakati mmoja. Matokeo ni yaleyale: Baraka 90, Chausiku 135, Daudi 60, Eliza 105.

Hapa ndipo mwalimu anapopaswa kutua. Wanafunzi wengi hufurahia majibu bila kujiuliza yametoka wapi. Kama tungekuwa tumenakili jibu, wote wangepata 120. Kama tungekuwa tumenakili anwani jinsi zilivyo, wote wangejumlishiwa alama za Asha, na bado wangepata 120. Ni dhahiri basi kwamba kilichonakiliwa si jibu wala si anwani.

Kilichonakiliwa ni uhusiano. Fomula iliyo katika E4 huielewa programu namna hii: "Jumlisha visanduku vitatu vilivyo kushoto kwangu katika mstari wangu." Fomula inaposhuka hadi E5, maneno hayo hayabadiliki, lakini "mimi" amebadilika, na kwa hiyo vilivyo kushoto kwake ni B5, C5 na D5. Ndivyo ilivyo katika lugha yetu ya kila siku. Mtu akiwaambia watu wote mtaani, "Msalimieni jirani yenu wa kushoto," amri ni moja, lakini kila mmoja atabisha hodi katika nyumba tofauti.

Anwani ya namna hii tutaiita anwani inayohama. Fomula inaposhuka mstari mmoja, namba ya kila anwani inayohama huongezeka kwa moja. Herufi haibadiliki, kwa sababu hatukutoka katika safu yetu. Kama tungenakili fomula kwenda kulia, herufi ndiyo ingebadilika na namba ingebaki.

Anwani iliyofungwa

Sasa tutafute asilimia. Katika F4 tunaandika =E4/B1*100, yaani jumla ya Asha igawanywe kwa alama kamili, kisha izidishwe kwa 100. Jibu ni 80, na ni sahihi. Tunainakili hadi F8. Matokeo yatashangaza:

Mstari wa Baraka utaonyesha #DIV/0!, kwa maana fomula yake imekuwa =E5/B2*100, na B2 ni kisanduku kitupu. Programu inalalamika kwamba imeambiwa igawanye kwa sifuri.

Mstari wa Chausiku utaonyesha #VALUE!, kwa maana fomula yake ni =E6/B3*100, na B3 ina neno "Kiswahili". Hapana awezaye kugawanya namba kwa neno.

Mstari wa Daudi utaonyesha 142.86, kwa maana fomula yake ni =E7/B4*100. Jumla ya Daudi imegawanywa kwa alama za Asha za Kiswahili.

Mstari wa Eliza utaonyesha 350, kwa maana jumla yake imegawanywa kwa alama za Baraka za Kiswahili.

Kosa ni la nani? Programu imefanya ilivyoagizwa. Katika F4, anwani B1 ilimaanisha "kisanduku kilicho safu nne kushoto kwangu na mistari mitatu juu yangu". Fomula iliposhuka, B1 nayo ikashuka. Lakini alama kamili ziko mahali pamoja tu, hazishuki na mtu. Hatuna budi kuifunga anwani hiyo isihame.

Kigingi cha kuifungia ni alama ya dola. Tunaandika $B$1. Dola iliyo mbele ya herufi huifunga safu. Dola iliyo mbele ya namba huufunga mstari. Alama hii haihusiani kabisa na fedha, na yafaa mwalimu aliseme jambo hilo waziwazi, maana wanafunzi wataliuliza. Katika VisiCalc ya mwaka 1979 hapakuwa na kigingi hiki: wakati wa kunakili, programu ilimwuliza mtumiaji, anwani baada ya anwani, kama ibaki bila kubadilika au ihame. Lotus 1-2-3, iliyotoka mwaka 1983, ilitumia alama ya dola, na ndiyo tunayoitumia hata leo.

Fomula sahihi ya F4 basi ni =E4/$B$1*100. Tukiinakili, E4 itakuwa E5, E6, E7 na E8, lakini $B$1 itabaki $B$1. Asilimia zitakuwa 80, 60, 90, 40 na 70.

Msomaji makini atauliza: kwa kuwa tunashuka tu, na herufi haibadiliki tunaposhuka, je, haitoshi kuandika B$1? Inatosha. Lakini kwa anayeanza twapendekeza afunge pande zote mbili mpaka atakapozoea kutofautisha. Katika Excel na Google Sheets, mtu akiwa anaandika anwani anaweza kubonyeza kitufe cha F4 kilicho juu ya kibodi, na dola zitawekwa zenyewe. Mwalimu aonye kwamba kitufe hicho si kisanduku F4 cha jedwali letu. Majina yamefanana tu.

Kosa lisilopiga kelele

Makosa tuliyoyaona hivi punde yana heri yake: yanapiga kelele. Mwalimu akiona #DIV/0! au asilimia 350 atajua pana jambo. Tatizo kubwa ni kosa linalotoa jibu lenye sura ya kweli. Nafasi za wanafunzi ndizo mfano wake.

Programu ina neno RANK, ambalo huitafutia namba nafasi yake kati ya namba nyingine. Katika G4 tunaandika =RANK(E4,E4:E8). Nukta mbili zina maana ya "kutoka hapa hadi pale". Kwa hiyo tunaiagiza: "Tafuta nafasi ya E4 kati ya namba zilizo katika E4 hadi E8." (Katika kompyuta nyingine, kwa sababu ya mpangilio wa nchi, nukta-mkato hutumika mahali pa mkato.) Jibu la Asha ni 2, na ni sahihi. Tunanakili hadi G8, na jedwali linatupa nafasi hizi:

| Jina | Jumla | Fomula iliyonakiliwa | Nafasi iliyotolewa | Nafasi ya kweli |
|---|---|---|---|---|
| Asha | 120 | =RANK(E4,E4:E8) | 2 | 2 |
| Baraka | 90 | =RANK(E5,E5:E9) | 3 | 4 |
| Chausiku | 135 | =RANK(E6,E6:E10) | 1 | 1 |
| Daudi | 60 | =RANK(E7,E7:E11) | 2 | 5 |
| Eliza | 105 | =RANK(E8,E8:E12) | 1 | 3 |

Hakuna alama ya kosa hata moja. Kila namba iko kati ya 1 na 5. Hata hivyo Daudi, aliyepata jumla ndogo kuliko wote, amekuwa wa pili, na Eliza amekuwa wa kwanza. Sababu yaonekana katika safu ya tatu. Kila fomula iliposhuka, kundi la kulinganishwa nalo lilishuka pia. Asha alilinganishwa na wote watano, Baraka na wanne waliobaki chini, Chausiku na watatu, Daudi na wawili. Eliza hakulinganishwa na mtu isipokuwa yeye mwenyewe, na anayeshindana peke yake hakosi kuwa wa kwanza. Katika orodha ya wanafunzi 45 mambo huwa hivyohivyo: aliye wa mwisho katika orodha hupewa nafasi ya kwanza, hata awe amepata sifuri. Hilo ndilo lililompata yule mvulana wetu.

Dawa yake mwanachuo anaijua sasa: kundi lifungwe kwa vigingi, na mwanafunzi aachwe ahame. Fomula ya G4 iwe =RANK(E4,$E$4:$E$8).

Tusidhani kwamba makosa ya upeo, yaani ya "kutoka hapa hadi pale", huwapata wanaoanza peke yao. Mwaka 2010 wachumi wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa makala kuhusu madeni ya nchi na ukuaji wa uchumi, nayo yalitajwa sana na viongozi wa nchi mbalimbali. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alipewa lahajedwali lao akalichunguza. Akaona kwamba fomula moja ya wastani ilichukua mstari wa 30 hadi wa 44, ilhali data ilifika mstari wa 49. Nchi tano zilikuwa zimeachwa nje. Hilo halikuwa jambo pekee ambalo Herndon na walimu wake walilikosoa, lakini wachumi hao walikiri kosa hilo la lahajedwali. Ikiwa mabingwa walipitiwa, sisi wa ripoti za shule tuna sababu zaidi ya kuhakiki.

Hatua za kufundisha

Somo hili lataka vipindi viwili, na kipindi cha kwanza hakihitaji kompyuta. Kwa kuwa katika shule nyingi wanafunzi ni wengi na mashine ni chache, mwalimu asiwapange kuzunguka mashine moja kabla hawajaelewa jambo lenyewe. Zana za kipindi cha kwanza ni ubao, chaki, vipande vya karatasi na madawati yaliyomo darasani.

Hatua ya kwanza: anwani. Mwalimu ayape madawati anwani, safu kwa herufi na mistari kwa namba, mstari wa 1 ukiwa karibu na ubao. Amwite kila mwanafunzi kwa anwani yake, naye asimame. Zoezi hili liendelee mpaka watoto wasikosee.

Hatua ya pili: karatasi inayosafiri. Wanafunzi walio katika safu B, C na D washike kila mmoja karatasi yenye namba. Mwalimu ampe mwanafunzi wa E4 kikaratasi kilichoandikwa: "Jumlisha namba za wenzako watatu walio kushoto kwako." Asome kwa sauti, atoe jibu, kisha ampe kikaratasi hichohicho wa E5, naye ampe wa E6. Mwalimu aulize: "Maneno yamebadilika?" Watasema hapana. "Majibu je?" Watasema yamebadilika. Wakiisha kuona hivyo kwa macho yao, maelezo marefu hayatahitajika.

Hatua ya tatu: kigingi. Mwalimu aweke namba 150 juu ya dawati la B1, aondoe mtoto katika B2, na aweke neno juu ya dawati la B3. Ampe mwanafunzi wa F4 kikaratasi cha pili: "Chukua namba iliyo safu nne kushoto kwako na mistari mitatu mbele yako." Ataipata 150. Kikaratasi kimfikie wa F5, naye atakuta dawati tupu. Kimfikie wa F6, naye atakuta neno. Darasa litacheka, na kicheko hicho ni sehemu ya somo. Hapo mwalimu aulize: "Tuandikeje ili wote waipate 150?" Aghalabu mmoja wao atasema: "Tutaje dawati lenyewe." Huyo ndiye aliyevumbua kigingi. Ndipo mwalimu aandike $B$1 ubaoni.

Hatua ya nne: ubao. Jedwali la mfano lichorwe ubaoni, na wanafunzi waje mmoja mmoja kuandika fomula zitakavyokuwa katika kila mstari baada ya kunakiliwa. Waandike fomula, si majibu.

Hatua ya tano: mashine. Katika kipindi cha pili wanafunzi wafanye kwa vikundi yale waliyokwisha kuyatabiri. Kabla ya kuburuta, kila kikundi kiseme: ipi itahama, ipi itabaki? Baada ya kuburuta wabonyeze Ctrl pamoja na kitufe chenye alama ` kilicho chini ya Esc katika kibodi nyingi. Jedwali litaonyesha fomula zote badala ya majibu, nao walinganishe na daftari zao.

Mambo ya kuangalia

Wanaoanza hukosea kwa namna chache zinazojirudia. Wengine huandika =42+38+40 badala ya anwani. Jibu la Asha litakuwa sahihi, lakini fomula ikinakiliwa wote watapata 120, kwa kuwa namba zilizoandikwa hazina pa kuhamia. Wengine hukata fomula badala ya kuinakili. Fomula iliyokatwa ikabandikwa mahali pengine huenda na anwani zake za awali bila kuzibadilisha. Wengine humwongeza mwanafunzi aliyehamia shuleni chini ya mstari wa mwisho, wakasahau kwamba upeo waliokwisha kuufunga kwa vigingi waweza kumwacha nje.

Kuhusu uhakiki, tunatoa shauri moja tunalolishika kuliko yote: mstari wa kwanza si shahidi. Fomula iliandikwa pale, na kwa hiyo pale itakuwa sahihi hata kama imeharibika kwingine kote. Katika mifano yetu yote mitatu Asha alipata jibu la haki. Mwalimu ahakiki mstari wa kwanza, mmoja wa kati, na zaidi ya yote mstari wa mwisho, kwa kalamu na karatasi, kabla ya kuchapa chochote.

Zoezi

1. Kisanduku E4 kina =B4+C4+D4. Bila kutumia kompyuta, andika fomula itakayokuwa katika E30 baada ya kunakili.
2. Mwalimu wa stoo ameandika idadi ya madaftari ya kila darasa katika A3 hadi A9, na bei ya daftari moja katika C1. Andika fomula ya B3 itakayoweza kunakiliwa hadi B9.
3. Mwenzako ameandika =RANK(E4,$E4:$E8) akinakili kwenda chini. Je, ameponya kosa?

Majibu: la kwanza ni =B30+C30+D30. La pili ni =A3*$C$1. La tatu ni hapana: amefunga herufi, ambazo hazikuwa na haja ya kufungwa, akaziacha namba zihame.

Hitimisho

Lengo la makala haya halikuwa kumfanya mwanachuo awe fundi wa kompyuta. Tumetaka atambue kwamba anaponakili fomula ananakili amri, na kwamba amri moja ikisomwa mahali tofauti huwa na maana tofauti. Kabla ya kuburuta ajiulize: ipi ihame, ipi ibaki? Baada ya kuburuta aende mstari wa mwisho, akatazame. Huko mwisho wa orodha yuko mtoto ambaye hajui lolote kuhusu fomula, naye ataiamini ripoti yake kwa sababu imetoka kwa mwalimu.